Tulinunua Mabati, Tukasahau Dari

Julai iliyopita nililala kwa magokoro wangu, upande wa Nyamira, zile sehemu za majani chai ambapo ukifungua mlango asubuhi unakuta ukungu umekaa uani kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Saa kumi usiku tone la maji likanidondokea shingoni. Nikadhani mvua. Nikatoka nje na tochi ya simu: nyota zimejaa, hakuna wingu hata moja. Nikarudi ndani nikamulika juu. Mabati yote kwa ndani yalikuwa yametoa jasho. Matone yamejipanga kwenye mikunjo ya bati, moja baada ya jingine yanaanguka kitandani, kwa meza, kwa gunia la mahindi.

Yale maji hayakutoka mbinguni. Ilikuwa pumzi yetu wenyewe. Watu wawili wamelala chumba kimoja wanapumua usiku kucha, mvuke unapanda, unagusa chuma baridi, unageuka maji, unawarudia. Magokoro alikuwa ameshazoea. Alikuwa amejifunika blanketi tatu, na juu ya zile blanketi karatasi ya nailoni. Karatasi ya nailoni, wasee. Ndani ya nyumba.

Nikaposti vidio, na nyinyi mkanijibu vile huwa mnajibu. Nusu ya komenti zilisema: "Jengea shosho bangalo, wacha kutuonyesha umaskini." Nusu ingine, wale wa utamaduni: "Si mrudi tu kwa nyumba za nyasi, mababu walijua." Nimekaa na hizo komenti karibu mwaka mzima. Nadhani pande zote mbili zimekosea, na zimekosea kwa sababu hatujui historia ya paa tunazolalia. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sikuwa nasomea ujenzi, kwa hivyo msiniite injinia. Lakini kusoma sijaacha.

Tuanze na nyumba yenyewe. Enyomba ya Kigusii ya zamani ilikuwa ya duara, fito na udongo, paa la nyasi lenye umbo la pia, limeshuka chini kiasi kwamba mtu mzima anainama kuingia. Hizi si hadithi za kale sana. Robert na Barbara LeVine, Wamarekani wawili waliokuja Gusii kati ya 1955 na 1957 kusoma maisha ya familia, walikuta watu bado wanaishi kwenye nyumba za udongo na nyasi, na wakaandika kitabu kuhusu kijiji walichokipa jina la Nyansongo. Magokoro alikuwa msichana wakati huo. Amezaliwa ndani ya nyumba kama hiyo.

Sasa iangalie hiyo nyumba kama mtu anayelipa bili. Ukuta mnene wa udongo unakunywa joto la jua na la moto mchana, halafu unalitoa polepole usiku. Nyasi zimeshika hewa isiyotembea, na hewa isiyotembea ndiyo blanketi. Hata blanketi lako la dukani kazi yake ni hiyo hiyo, kushika hewa ndani ya nyuzi. Umbo la duara nalo lina hesabu yake. Sakafu ya ukubwa uleule ukiizungusha ukuta wa duara badala ya wa mraba, ukuta unakuwa mfupi kwa karibu asilimia 11. Maana yake udongo kidogo, fito chache, na mahali pachache pa joto kutorokea. Moto mmoja ulipika chakula, ukapasha watu joto, ukakausha mahindi kwenye uchaga juu yake, na moshi ukapenya kwenye nyasi ukafukuza wadudu. Kuni zilezile, kazi nne.

Lakini nisiwadanganye. Moshi huohuo ulikuwa unaingia kwenye macho na mapafu ya mwanamke na watoto wake kila siku ya maisha yao. Nyasi zinaoza, zinaleta panya, cheche moja inamaliza kila kitu, na kila baada ya miaka kadhaa lazima ezeko lifanywe upya. Nilipomuuliza magokoro kama anamisi nyumba ya nyasi alinicheka. "Wewe uliwahi kukata nyasi ukazibeba kichwani kutoka bondeni?" Swali likaishia hapo.

Halafu serikali ya Waingereza ikaja kuhesabu nyumba. Hii ndiyo sehemu ambayo shuleni tulipitia mbio mbio. Kodi ya nyumba ilianzishwa kwenye himaya yao hapa Afrika Mashariki mwaka 1901, na kituo chao cha Kisii kikafunguliwa 1907. Jina lenyewe la kodi linasema yote: haikuhesabu mapato yako, ilihesabu nyumba. Kwa Mgusii mwenye wake watatu, kila mke ana nyumba yake, kwa hiyo kodi mara tatu. Januari 1908 Otenyo akamchoma mkuki Northcote, ofisa wa kituo, na jeshi likaja kulipiza. Watu waliuawa, ng'ombe wakachukuliwa, nyumba zikachomwa. Nyumba za nyasi huwaka haraka. Huwa nafikiria familia zilizolala nje usiku wa Januari ile, na vile nyumba iligeuka kutoka kitu cha kukupa joto ikawa kitu cha kukuweka hatarini.

Baada ya hapo wamisheni. Wakatoliki walifika Nyabururu 1911, Wasabato wakaweka kituo chao Nyanchwa muda si mrefu baadaye. Polepole mtoto wa Gusii akaanza kuona picha mpya ya maendeleo. Kanisa lina pembe nne. Shule ina pembe nne. Ofisi ya DC, duka la Mhindi, vyote vina pembe nne, na vyote vikaja kung'aa juu. Hakuna sheria iliyohitajika kumwambia mtu nyumba ya nyanya yake ni ya kishamba. Aliangalia tu akajua.

Hilo bati lenyewe lilitoka wapi? Bati la mikunjo lilibuniwa na Henry Robinson Palmer, aliyekuwa mhandisi wa bandari ya London, mwaka 1829. Alikuwa anatafuta paa jepesi na rahisi kwa vibanda na maghala ya bandarini. Mbinu ya kulipaka zinki lisishike kutu ikaja 1837 kule Ufaransa. Rudia hiyo sentensi ya kwanza kichwani: liliundwa kufunika mizigo. Mapipa hayasikii baridi. Likapanda meli, likapanda reli iliyofika Kisumu mwishoni mwa 1901, na miaka ilivyosonga likapanda milima hadi Kisii.

Kilicholiingiza kwa nyumba za watu wa kawaida ni pesa ya shamba. Kisii ilikuwa kati ya sehemu za kwanza ambako serikali ya mkoloni iliruhusu Waafrika kupanda kahawa, miaka ya 1930. Baadaye pareto, baadaye chai. Babu yangu, sokoro, alinunua mabati yake ya kwanza kwa pesa ya pareto. Magokoro anakumbuka yalivyobebwa kutoka barabarani, watu wawili kwa kila mzigo, na majirani wametoka kuangalia kana kwamba ni harusi. Mvua ya kwanza ilipopiga hakuna aliyesikia mwenzake akiongea, na hakuna aliyejali. Kelele ilikuwa ni sehemu ya heshima.

Hapa lazima nisimamie haki ya bati, kwa sababu watu wa utamaduni wanalitukana bure. Bati linakupa maji. Unaweka mfereji, unaweka pipa, na mwanamke hashuki tena bondeni kwenye chemchemi mara nne kwa siku. Miaka ya 1960 na 1970 wanawake wa Mkoa wa Kati walikuwa wanaunda vikundi vya kuchangishana pesa, na vikajulikana kama vikundi vya mabati kwa sababu kazi yao ilikuwa kununuliana mabati, mama mmoja baada ya mwingine. Ukiniuliza mimi, ile ilikuwa mojawapo ya kampeni kubwa zaidi za kuboresha nyumba zilizosimama tayari ambazo nchi hii imewahi kuona, na haikuongozwa na wizara wala mfadhili. Iliongozwa na akina mama wenye daftari.

Lakini walichokibadilisha ni kifuniko tu. Bati ni unene usiofika hata milimita moja. Na siku hizi limezidi kuwa jembamba: kwa hardware utaulizwa geji 28, 30 au 32, na namba ikipanda bati linapungua unene, na wengi wetu tunabeba 32 kwa sababu ya mfuko. Mchana jua likiwaka nyumba inakuwa sufuria. Usiku bila mawingu bati linamwaga joto lake lote angani mpaka linakuwa baridi kuliko hata hewa ya nje, na ndiyo maana linatoa jasho. Blanketi tulilitoa. Badala yake tulipaswa kuweka dari. Hatukuweka. Sio kwa sababu ya ujinga, ni kwa sababu dari haionekani ukiwa barabarani. Pesa ya ujenzi huisha palipo na macho ya watu.

Na tukaendelea hivyo mpaka ikawa kawaida ya taifa. Sensa ya 2019 ilikuta karibu nyumba nne kati ya kila tano Kenya zimeezekwa kwa mabati. Sensa hiyohiyo ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Hizo namba ndizo jibu langu kwa wale wa "turudi kwa nyasi". Nyasi zitoke wapi? Ardhi imegawanywa kutoka kwa babu hadi kwa wajukuu mpaka kipande cha mtu ni chai, migomba, mahindi, na mstari wa mikaratusi mpakani. Malisho ambako nyasi za kuezekea zilimea yamekwisha. Hata mikaratusi inagombaniwa, kwa sababu viwanda vya chai navyo vinachoma kuni kukausha majani. Kila mzigo wa kuni unaotumika kupasha joto nyumba isiyoshika joto unatoka kwenye foleni hiyohiyo.

Sasa sikilizeni kitu kilichoniuma nilipokigundua. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda dunia nzima, na nchi za Ulaya zikaanza kuangalia nyumba zao zinapotezea wapi joto. Uingereza ikapitisha Sheria ya Kuhami Nyumba mwaka 1978, ya kuwapa watu ruzuku waweke tabaka la kuzuia joto juu ya dari zao. Nyumba kuukuu, zilizosimama tayari. Hawakuambiwa wabomoe, hawakuambiwa wajenge bangalo. Nchi ileile ambayo bati lilizaliwa bandarini kwake ilikuwa inawalipia raia wake blanketi la paa, wakati huku kwetu tulikuwa bado tunasherehekea kelele ya mvua. Sisemi walituficha siri. Nasema tuliiga nusu ya nyumba yao, ile nusu ya nje.

Serikali yetu nayo ikiongea nyumba, inaongea nyumba mpya. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mtu wa mshahara anakatwa asilimia 1.5, na kila siku kwa habari tunaonyeshwa ghorofa inayopanda mahali. Sawa, watu wa mjini wanahitaji keja. Lakini magokoro hahami. Mara moja tu nimeona kanuni ya Kenya ikiongea na jengo lililosimama tayari: kanuni za 2012 za kupasha maji moto kwa sola, zilizogusa majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku, na zikayapa majengo yaliyokuwepo miaka mitano kutii. Miaka mitano iliisha 2017. Panda ghorofa yoyote Kisii mjini uangalie paa za jirani, uhesabu mwenyewe. Na hata zingefuatwa zote, hazikuwa zinamhusu mtu anayeoga kwa karai.

Turudi Nyamira, kwa sababu huko ndiko vita yangu iliko.

Kwa familia yetu mpango rasmi ni kubomoa nyumba ya magokoro na kumjengea ya mawe. Mpango huu umekuwepo tangu nikiwa darasa la sita. Msingi ulichimbwa, kuta zikafika kwa linta, na hapo zimekwama, magugu yanaota sebuleni. Baba mdogo akisikia neno dari anasema, "Utatumiaje pesa kwa nyumba ambayo tunabomoa?" Na nyinyi watu wa kwetu mnajua ukweli ambao hatuuposti: pesa ya nyumba hupatikana kwa wiki mbili mtu akishakufa. Mafundi usiku na mchana, mabati mapya, rangi haijakauka na jeneza liko njiani, ili mwenyewe asizikwe kwa boma isiyo na nyumba ya maana. Nimeona zaidi ya mara moja. Nyumba yenye joto zaidi ambayo mzee amewahi kuwa nayo, na anailalia usiku mmoja akiwa ndani ya sanduku.

Basi niliuza kamera yangu ya pili nikanunua mikeka ya mafunjo.

Hii si akili yangu. Watu wa upande wa ziwa wamekuwa wakifuma mafunjo tangu zamani, na nyumba nyingi za magharibi zina dari ya mikeka hiyo. Watafiti waliijaribu pale Ahero, kwenye mashamba ya mpunga, wakaweka dari za mikeka ya mafunjo kwenye nyumba za watu, na matokeo waliyochapisha 2009 yalionyesha mbu wa malaria waliopatikana ndani walipungua kwa zaidi ya robo tatu. Wao walikuwa wanatafuta mbu, si joto. Lakini mkeka ni uleule, na bua la funjo ndani limejaa vishimo vidogo vya hewa. Unakumbuka nilisema hewa isiyotembea ndiyo blanketi? Nyasi za nyanya zetu zimetoka ziwani zikarudi zikiwa zimefumwa.

Nilinunua yangu soko la Oyugis, nikazifunga juu ya matatu. Kazi ilituchukua siku mbili, mimi na fundi mmoja wa kijiji: fito nyembamba za mkaratusi kutoka ukuta hadi ukuta, mikeka juu yake, misumari na kamba. Kati ya mkeka na bati tukaacha nafasi, ili jasho likitokea likauke huko huko juu. Nyaya za stima tukazipitisha ndani ya mabomba kwanza, maana mafunjo makavu yanashika moto. Kwa sababu hiyohiyo hatukuweka jikoni. Na kitu kimoja ambacho siwezi kukisema kwa mzaha: ukishaziba nyumba, jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala hata kidogo. Gesi yake haina harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi tunasikia familia zimelala na hazikuamka. Tuliacha tundu la hewa juu ya dirisha, la wavu, na nilimwambia magokoro asilizibe na nguo. Alilizibua mwenyewe wiki ya pili baada ya kuliziba wiki ya kwanza.

Alikuwa anapinga, bila shaka. "Dari ni ya kanisa. Mimi ni askofu?" Alisema mikeka italeta panya. Alisema watu wataona tumeshindwa kumaliza ile ya mawe. Hilo la mwisho ndilo lilikuwa linamuuma kweli, na sikuwa na jibu. Baba mdogo alipiga simu jioni ya kwanza, akaniambia nimeidharau familia kwa kufanya ionekane hatuna mpango. Hajaniongelesha vizuri mpaka leo. Huwa anasalimia kupitia kwa mama.

Sina kipimo cha kisayansi cha kuwaonyesha. Ninachojua ni kwamba karatasi ya nailoni iko chini ya kitanda, imekunjwa, na blanketi zimebaki mbili. Asubuhi gunia la mahindi ni kavu. Mchana wa Februari jua likiwaka, anaweza kukaa ndani akichambua mboga, kitu ambacho zamani kilimtoa nje mpaka chini ya mparachichi.

Jiko bado. Jikoni ni chumba cha kando, mafiga matatu, ukuta mweusi kama ndani ya bomba. Kuna jiko la kigae ambalo Maendeleo ya Wanawake walilisambaza tangu miaka ya 1980, wengine wanaliita Jiko Kisasa: unaweka kigae kwenye mafiga, unakizungushia udongo, na kuni mbili zinafanya kazi ya nne. Nimelipata la kununua. Lakini magokoro anasema sufuria yake ya ugali, ile kubwa ya watu wanapokuja, haitakaa juu yake, na nimepima, ni kweli haikai vizuri. Kuna mama jirani anajua kujenga la ukubwa mwingine na tumemngoja amalize kuvuna.

Wiki iliyopita mvua kubwa ilipiga jioni. Nilikuwa nimempigia simu, na kwa mara ya kwanza tukaongea mvua ikinyesha bila yeye kukata. Nyuma yake nilisikia redio, Egesa FM, mtu anasoma matangazo ya mazishi. Akaniambia nikate mimi, kuna jina amelisikia anataka kujua ni la nani.